MTUNGI WA MAJI NA TAIRI LA GARI

Mtaa wa Pipeline uko Embakasi, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi. Jina lake lakumbusha bomba la mafuta litokalo Mombasa, ambalo lilianza kazi mwaka 1978. Ajabu ni kwamba mtaa wenye jina la bomba ndio ambao mabomba yake ya maji aghalabu hukauka. Majumba ya ghorofa yamesongamana huko, na wakazi wengi hununua maji kwa mitungi ya plastiki ya lita 20. Maji hayo yana uzito wa kilo 20, na mama ayapandishaye ngazi hadi ghorofa ya sita ana haki ya kujua chombo alichokibeba ni kitu gani.

Mtungi huo hufanywa kwa polithini. Kitu hicho kiligunduliwa kwa bahati tu mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI, Uingereza. Mwaka 1953 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Ziegler, alipata njia ya kufanya polithini iliyo ngumu zaidi, naye akashiriki tuzo ya Nobel mwaka 1963. Chembe zake ni za kaboni na haidrojeni, zimeungana maelfu kwa maelfu kama shanga katika uzi mrefu. Nyuzi hizo zimelala pamoja bila kufungwa. Zikipata joto la digrii 130 hivi huteleza, na plastiki huyeyuka. Zikipoa, huganda kwa umbo jipya.

Mpira nao ni nyuzi, lakini tabia yake ni nyingine. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua ya kuwa mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara. Salfa huufunga uzi huu na ule, kama mshona nyavu afungavyo mafundo. Kwa hiyo tairi haliyeyuki. Likitiwa motoni huungua tu. Ndiyo sababu fundi wa akala hana tanuri wala kalibu. Kazi yake yote ni kisu.

Sasa turudi kwa mtungi, kwani hapa pana hatari. Polithini haipitishi maji, lakini mafuta na dawa nyingi huweza kupenya kati ya nyuzi zake na kukaa ndani ya ukuta wenyewe. Mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu hausafishiki kwa sabuni, hata ukisuguliwa kutwa, nao haufai kabisa kwa maji ya kunywa ya mtoto, ijapokuwa bei yake ni rahisi. Tarakimu 2 iliyo katika pembetatu kitakoni mwa mtungi huonyesha aina ya plastiki tu. Haisemi mtungi ulibeba nini jana.

Jua pia huikata mishono ya shanga hizo, na mtungi ulioachwa juani miezi mingi hupauka na kupasuka. Matangi mengi ya maji juu ya mapaa hufanywa meusi kwa sababu masizi yaliyochanganywa humo huyazuia makali ya jua. Tairi nalo ni jeusi kwa masizi, ambayo huliongezea nguvu lisilike upesi.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mitungi haikuguswa. Kuchoma taka hizo uani si dawa. Mabomba ya PVC na maganda ya nyaya za umeme yakiungua hutoa hewa ya asidi iwashayo macho na kifua.

Mhandisi Nzambi Matee, mwenye kiwanda cha Gjenge Makers mjini Nairobi, alitunukiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2020 kwa njia iliyo bora. Plastiki kuukuu huchanganywa na mchanga, hupashwa moto, kisha hushindiliwa kuwa matofali ya kutandika njiani. Mchanga hutoa ugumu, na plastiki iliyoyeyuka hushika mahali pa saruji. Tairi haliwezi kuifanya kazi hiyo ya gundi, kwa kuwa mafundo ya salfa hayalegei likayeyuka.