Ni au Ana? Sarufi ya Kiswahili na Aina za Uanachama katika Programu ya Klabu ya Michezo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna aina za uanachama zinavyoweza kuwakilishwa katika programu ya tarakilishi ya klabu ya michezo, kwa kurejelea mazingira ya Kisii na Nyamira. Hoja kuu ni kwamba aina ya uanachama si kitu ambacho mtu ni, bali ni kitu ambacho mtu anacho kwa muda fulani. Tofauti hii, ambayo huwasumbua waundaji wa programu, imekwisha kubainishwa na sarufi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mara nyingi mwanafunzi wa Kiswahili anapoalikwa katika kazi za tarakilishi, hualikwa mwishoni. Programu huwa imekwisha kuundwa, naye hupewa orodha ya maneno ayatafutie visawe. Ndivyo ilivyokuwa hata katika mradi wenye sifa njema kama Jambo OpenOffice, uliotokana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2004. Kazi kama hiyo ni muhimu, na istilahi nyingi zimetokana nayo. Hata hivyo, mwanasarufi ana la kusema mapema zaidi, wakati muundaji angali anajiuliza: katika shughuli hii, vitu ni vipi na sifa zake ni zipi?

Klabu ya michezo ni uwanja mzuri wa kulijadili swali hili. Kisii na Nyamira ni kaunti zenye historia ndefu ya michezo. Naftali Temu, mwana wa Gusii, ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka wa 1968. Klabu ya kandanda ya Shabana, iliyoanzishwa mjini Kisii mwaka wa 1980, ilirejea katika ligi kuu mwaka wa 2023 baada ya kuwa nje kwa miaka 17. Aidha, Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 inazitaka klabu zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Klabu iliyosajiliwa inapaswa kujua wanachama wake ni akina nani, na nani ana haki ya kupiga kura.

2.0 Tatizo Lenyewe

Katiba za klabu hutaja aina mbalimbali za wanachama: wa kawaida, chipukizi, wa familia, wa maisha na wa heshima. Kila aina ina ada yake na haki zake. Mwanachama wa maisha hulipa mara moja tu. Wa heshima aghalabu halipi, na katika klabu nyingi hapigi kura. Chipukizi hulipa kidogo na hana kura hadi afikishe umri wa mtu mzima.

Muundaji wa programu anapoisoma katiba ya namna hii, njia inayomjia kwanza ni kuifanya kila aina kuwa ngeli inayojitegemea. Natumia neno ngeli kwa makusudi. Mwaka wa 1967 Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwe waliasisi, katika lugha ya programu ya Simula, utaratibu wa kupanga vitu katika makundi yenye sifa za pamoja, na kundi moja kurithi sifa za jingine. Dhana hiyo imepewa visawe mbalimbali, lakini sioni neno linaloikaribia kuliko ngeli. Kwa njia hii, MwanachamaChipukizi huwa ngeli moja, MwanachamaWaMaisha ngeli nyingine, na zote mbili hurithi kutoka kwa Mwanachama.

Mpango huu unapendeza ukiuona kwenye karatasi. Tuchukue mfano wa kubuni. Kerubo ni mwanariadha wa miaka 16 anayeishi Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Anajiunga na klabu akiwa chipukizi. Miaka miwili baadaye anakuwa mtu mzima. Mwaka unaofuata wazazi wake wanalipia uanachama wa familia, naye anaingizwa humo. Baadaye klabu inamteua kuwa kocha wa watoto.

Katika lugha nyingi za programu, kitu kilichoundwa katika ngeli moja hakiwezi kuhamia ngeli nyingine. Kwa hiyo Kerubo chipukizi itabidi afutwe na Kerubo mwingine aundwe. Rekodi za ada alizolipa kwa simu zinabaki kwa yule aliyefutwa. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa programu inamtambua mwanachama kwa nambari ya kitambulisho cha kitaifa. Kitambulisho hicho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, hivyo chipukizi hana nambari. Baadhi ya makarani watamwandika kwa nambari ya mzazi wake, na siku atakapopata yake ataonekana kama mgeni aliyejiunga jana. Mkutano mkuu ukiitishwa na katiba ikidai mpiga kura awe amekaa klabuni mwaka mzima, Kerubo atanyimwa kura ambayo ni haki yake. Hilo si kosa dogo la karani. Ni dhuluma iliyofichwa ndani ya muundo.

3.0 Ushahidi wa Sarufi

3.1 Umbo na upatanisho

Tuzitazame nomino za uwanjani: mchezaji, kijana, shabiki, kocha, nahodha, refa. Kwa kuzingatia viambishi vya umoja na wingi, maneno haya hayako pamoja. Mchezaji na wachezaji yana m- na wa-. Kijana na vijana yana ki- na vi-. Mashabiki, makocha na manahodha yanachukua ma-. Hata hivyo, katika sentensi yote yanapatanishwa kwa njia moja: kijana amelipa, shabiki amelipa, kocha amelipa. Hakuna msemaji stadi atakayesema kijana kimelipa.

Kiswahili kinatuambia nini hapa? Kinatuambia kwamba lebo ambayo mtu amevishwa ni jambo moja, na utu wake ni jambo jingine. Lebo inaweza kubadilika umbo, lakini kitenzi kinamtafuta mtu aliye nyuma yake. Ndiyo maana ngeli hii huitwa A-WA kwa kufuata upatanisho. Muundaji aliyeifanya kila lebo kuwa ngeli ya kujitegemea ameshika umbo na kuacha upatanisho.

3.2 Kiambishi u-

Ushahidi wa pili unatokana na uundaji wa nomino. Kutokana na mwanachama tunapata uanachama, kama vile kocha huzaa ukocha na nahodha huzaa unahodha. Ekegusii pia kina utaratibu huo: omogambi ni mtawala, na obogambi ni utawala. Nomino ya u- hutaja hali, na hali hushughulikiwa na vitenzi vyake maalumu. Uanachama hutolewa, huanza, huhuishwa, husimamishwa na hukoma. Mtu hafanyiwi hivyo. Tunasema uanachama wa Kerubo umekwisha. Hatusemi Kerubo amekwisha.

Kwa ufupi, Kerubo ni mtu, na ana uanachama. Kishirikishi ni hakibebi kiambishi cha wakati, hivyo kinafaa kwa lile lisilobadilika. Tukisema alikuwa na uanachama wa chipukizi, sasa ana uanachama wa kawaida, tunaeleza mabadiliko bila kumgusa mtu mwenyewe.

4.0 Muundo Unaopendekezwa

Kutokana na hayo, programu ingekuwa na majedwali makuu matatu. La kwanza ni MTU: jina, tarehe ya kuzaliwa, na nambari ya ndani isiyobadilika, inayotolewa na klabu yenyewe. Nambari ya kitambulisho na ya simu ni maelezo tu, yanayoweza kuongezwa baadaye. La pili ni AINA: chipukizi, kawaida, familia, maisha na heshima, pamoja na ada na haki za kila moja. La tatu ni UANACHAMA, linalounganisha MTU na AINA, likiwa na tarehe ya kuanza na ya kukoma.

Kwa muundo huu, Kerubo hafutwi hata mara moja. Uanachama mmoja unafungwa na mwingine kufunguliwa. Uanachama wa maisha hauna tarehe ya kukoma. Kwa uanachama wa familia, jedwali dogo la nne litaonyesha watu wanaoushiriki, ili katiba iamue kama kura ni ya nyumba au ya kila mtu mzima. Ukocha nao si aina ya uanachama. Ni wadhifa, na una jedwali lake. Vilevile, tarehe ya kuzaliwa inaikumbusha klabu wajibu wake kwa watoto, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa.

5.0 Pingamizi

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusiweke safu moja tu ya aina katika jedwali la MTU, tuibadilishe inapobidi? Njia hiyo ni nyepesi, na klabu ndogo inaweza kuishi nayo kwa muda. Kasoro yake ni kwamba inakumbuka leo tu. Pakizuka mzozo kuhusu nani alikuwa na kura siku ya uchaguzi uliopita, safu hiyo haina jibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Sarufi haithibitishi kwamba muundo fulani ni sahihi, na waundaji wasiojua Kiswahili wameufikia muundo huu kwa njia nyingine. Ni kweli. Lugha haichukui nafasi ya uchanganuzi. Lakini inaturahisishia kuliona kosa mapema, kwa kuwa sentensi inayokataa kutamkika mara nyingi inaashiria wazo lisilosimama.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba upatanisho wa A-WA na kiambishi u- vinatenganisha mtu na hali yake, na kwamba utengano huo ndio unaohitajika katika daftari la klabu. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu washirikiane na wenzao wa sayansi ya tarakilishi tangu hatua ya kwanza ya kubuni programu. Klabu ikituomba ushauri, tuanze kwa kuisoma katiba yake sentensi kwa sentensi, na kila penye neno ni, tuulize kama halikustahili kuwa ana.