Ute wa Kifua ni Kinga Yako: Vidokezo 8 kwa Watu wa Pwani

Bagamoyo hewa ni nzuri, lakini si safi kila mahali. Moshi wa kukaangia samaki hutanda sokoni, vumbi la mbao hupaa kwenye vibanda vya wachongaji, na ukishuka hadi Kunduchi utawakuta wapasua kokoto wamejaa unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Yote hayo huingia puani. Kinachoyazuia yasifike ndani kabisa ya mapafu ni ule ute tunaouona uchafu: kamasi za puani na makohozi ya kifuani. Hivi hapa vidokezo vya kuutunza, na vya kujua lini unakuonya.

1. Jua kazi yake kabla ya kutaka kuukausha.
Zaidi ya asilimia 90 ya ute ni maji. Sehemu iliyobaki ni chumvi na protini, zikiwemo musini zinazoufanya unate na kuvutika. Vumbi, masizi na vijidudu hunasa humo. Chini yake kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde, vyote upande mmoja, kama watu wanaovuta dau kulipandisha ufukweni. Ute hupanda hadi kooni, unaumeza bila kujua, na tindikali ya tumbo humaliza kazi. Tena ute una silaha zake. Mwaka 1922, Alexander Fleming, ambaye baadaye aligundua penisilini, alitangaza kupata katika kamasi za mtu mwenye mafua kimeng'enya kinachoua baadhi ya bakteria. Kinaitwa lisozaimu.

2. Usiuache mwili ukauke.
Joto la pwani linatoa jasho jingi, na mwili ukipungukiwa maji ute nao huwa mzito, mgumu kutoka. Kunywa maji, dafu, uji mwepesi au supu. Chai ya tangawizi ya vuguvugu hutuliza koo. Kijiko cha asali kabla ya kulala hupunguza kikohozi, lakini mtoto aliye chini ya mwaka 1 asilambishwe hata kidogo: asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha mwili wake.

3. Usikimbilie antibayotiki kwa sababu ya rangi.
Kamasi zikigeuka njano au kijani, wengi hukimbilia duka la dawa. Rangi hiyo hutokana zaidi na chembe nyeupe za damu zinazopigana, na huonekana hata kwenye mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi. Antibayotiki haiui virusi. Kununua vidonge vinne vitano bila cheti ni kuwafundisha bakteria kuizoea dawa utakayoihitaji kesho. Makohozi yenye damu au yenye rangi ya kutu ni jambo jingine: nenda hospitali siku hiyohiyo.

4. Toa moshi jikoni.
Kuni, makumbi ya nazi na mkaa vinapikia nyumba nyingi za pwani, na anayevuta moshi huo zaidi ni mama pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni. Moshi hulemea vile vinyweleo na kuufanya mwili utengeneze ute mwingi kuliko unavyoweza kuutoa. Ukiendelea miaka mingi, njia za hewa huharibika na pumzi hukatika. Pikia uani au kibarazani, tumia kuni kavu, na ukijaliwa hamia gesi. Jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, kwani hewa yake huua watu usingizini.

5. Acha sigara.
Kile kikohozi cha mvutaji kila asubuhi kina sababu. Moshi wa tumbaku hulemaza vinyweleo, ute hutuama usiku kucha, na kukohoa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuutoa. Habari njema ni kwamba ukiacha, vinyweleo huanza kupata nguvu tena. Huenda ukakohoa zaidi kwa muda. Usikate tamaa ukarudia.

6. Nyungu kwa tahadhari, maji ya chumvi kwa uhakika.
Mwaka 2020, wakati wa korona, kujifukiza kulienea nchi nzima. Mvuke unaweza kulegeza pua kwa muda mfupi, lakini hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi inaunguza. Mtoto asiingizwe humo. Kwa pua iliyoziba, chukua robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, kisha safisha pua taratibu. Kwa mtoto mchanga, matone machache kabla ya kunyonya yanatosha. Na ukipenga kamasi, penga tundu moja moja, bila nguvu nyingi.

7. Hesabu pumzi za mtoto.
Kifua cha mtoto kinachokoroma kinatisha, lakini kinachopima hatari ni kasi ya pumzi. Akiwa ametulia, mfunue kifua, washa saa ya simu, hesabu kwa dakika 1 nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Hiyo huenda ni nimonia. Kifua kikibonyea kwa ndani kila anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, au midomo ikiwa ya buluu, usingoje papambazuke. Na hakikisha kadi yake ya kliniki ina chanjo ya nimokoko, inayotolewa nchini tangu 2013.

8. Ukikohoa wiki mbili, peleka makohozi yapimwe.
Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito ni dalili za kifua kikuu. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asisubiri hata hizo wiki mbili. Ukipewa kikopo, sukutua kwa maji, toka nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kutoka ndani ya kifua. Wanataka makohozi mazito, mate hayasaidii. Ya asubuhi ndiyo bora. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa 2, na huonyesha pia kama vijidudu vinaihimili dawa ya rifampisini. Huko Morogoro, shirika la APOPO hutumia panya buku kunusa sampuli za makohozi, na wamebaini wagonjwa ambao darubini ilikuwa imewapita.

Tanzania haikuanza jana katika kazi hii. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, imetibu kifua kikuu tangu 1926. Mpango wa taifa ulioanza 1977, kwa ushirikiano na Daktari Karel Styblo, ulikuja kuwa mfano kwa nchi nyingi duniani. Vipimo na dawa ni bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6.

Mficha maradhi kilio humfichua. Usimcheke jirani anayekohoa kwenye daladala. Mfungulie dirisha, mwombe akohoe kwenye kiwiko, kisha umwelekeze kituo cha afya. Na wewe mwenyewe, ikifika wiki ya pili, usingoje ya tatu.