Ukataji Sahihi wa Mikanda ya Urembo kwenye Kona za Chumba

Chumba kilichopigwa plasta vizuri na kupakwa rangi huweza kuharibiwa sura na pengo la milimita tatu tu, pale mikanda miwili ya mbao inapokutana kwenye kona bila kushikana. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huulaumu ukuta, na mbao iliyokwisha kukatwa hairefuki tena. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mkanda umekatwa kwa nyuzi 45 bila kona yenyewe kupimwa.

Kupima kona

Nyuzi 45 ni sahihi pale tu kona inapokuwa na nyuzi 90 kamili. Kuta zilizopigwa plasta kwa mkono aghalabu hazifiki kipimo hicho. Ili kuhakiki, fundi huanzia kwenye kona, akaweka alama ya sentimita 60 kwenye ukuta mmoja na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, kisha akapima umbali kati ya alama hizo. Ukiwa sentimita 100, kona ni mraba. Ukizidi, kona imepanuka, ukipungua, imebana.

Kona isiyo mraba hupimwa kwa kipimapembe. Kipimo kinachopatikana hugawanywa kwa mbili, na jibu hutolewa katika 90. Kinachobaki ndicho kinachowekwa kwenye meza ya msumeno wa pembe, kwa kuwa msumeno huo husoma 0 unapokata mraba. Kwa mfano, nusu ya kona ya nyuzi 92 ni 46, hivyo msumeno huwekwa kwenye 44. Nusu ya kona ya nyuzi 88 ni 44, hivyo msumeno huwekwa kwenye 46. Anayeigeuza hesabu hii huongeza pengo badala ya kuliziba.

Kukata

Kabla ya kugusa mkanda wenyewe, fundi makini hukata vipande viwili vya mabaki, akavikutanisha kwenye kona na kurekebisha msumeno hadi vishikane. Mabaki hayana gharama. Mkanda mzima una gharama.

Kipimo cha ukutani huwekwa daima upande wa nyuma wa mkanda, yaani upande unaogusa ukuta. Kwenye kona ya ndani, upande huo ndio mrefu. Kwenye kona ya nje, ndio mfupi. Ni busara pia kuacha ziada ya milimita mbili au tatu, kwani kupunguza kunawezekana na kuongeza hakuwezekani.

Mkanda wa darini huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hukaa kwa kuegemea kati ya ukuta na dari. Wakati wa kukatwa hugeuzwa juu chini: ukingo wa dari hulala kwenye meza ya msumeno, na ukingo wa ukuta huegemea kizuizi cha nyuma. Ukilazwa bapa kwa nyuzi zilezile, vipande havitakutana.

Usalama

Msumeno wa pembe haumsamehi mwenye haraka. Mikono hukaa walau sentimita 15 kutoka kwenye kisu, na kipande kifupi hufungwa kwa jiriwa badala ya kushikwa kwa vidole. Kisu huachwa kishike kasi kabla ya kugusa mbao, na baada ya kukata husubiriwa kisimame ndipo kiinuliwe. Miwani ya kinga na barakoa ni lazima, na waya huchomolewa kwenye umeme kabla ya kubadilisha kisu. Wajibu wa kulinda wafanyakazi umewekwa pia na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Wito kwa wakazi

Mwenye nyumba anashauriwa kumtaka fundi apime kila kona na kuonesha vipande vya majaribio kabla ya mbao kukatwa. Vijana wanaotaka kuufahamu useremala kwa undani wanaweza kujiunga na vyuo vya VETA. Aidha, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyohitaji vifaa vya kazi vinahimizwa kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri.