Lumeni za Dukani, Luksi za Mezani

Kwa wakazi wa maghorofa ya Upanga wanaoteremka Kariakoo kununua globu, hasa wanafunzi wa Muhimbili wanaokesha na vitabu kwenye vyumba vya kupanga.

Usiulize "ya wati ngapi?" ukadhani umeuliza mwanga. Wati ni ulaji wa LUKU. Globu ya zamani ya wati 60, ikiwashwa kwa muda wa saa 5 kila usiku, hula uniti 3 kwa siku 10. Ya LED ya wati 9, mwanga ule ule, haifiki nusu uniti.

Geuza boksi, tafuta lm. Hizo ni lumeni, yaani mwanga wote unaotoka kwenye globu. Lumeni 800 ndizo za ile wati 60. Boksi halina lm? Rudisha. Usibishane.

Angalia holda yako kabla hujatoka: ya pini au ya kuzungusha.

Usikubali kupimiwa kwa macho. Muuzaji ataichomeka pale kaunta, karibu na uso wako, ufumbe macho, kisha akuulize, "Umeuona moto huo?" Taa gani haichomi macho ukiisogelea hivyo? Wewe unataka iangaze daftari.

Na daftari hupokea luksi. Lumeni moja ikienea juu ya mita moja ya mraba, hiyo ni luksi moja. Hapa ndipo pesa zinapopotea Upanga, maana nyumba za zamani zina dari la juu mno. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Ukiwa mara tatu, sehemu moja ya tisa. Mtu ananunua globu kubwa, kisha kubwa zaidi, na bado anainamia kitabu. Kusoma kunataka luksi 300 hadi 500. Taa ya mezani ya lumeni 400, ikiwa sentimita 40 juu ya kitabu, inaipiku ya lumeni 1,500 iliyo darini.

Usifunge globu juu ya panga boi. Ukurasa utawaka na kuzima usiku kucha. Fundi atasema hakuna shida, yeye hasomi.

Usidanganyike na 6500K. Hiyo ni rangi, nyeupe ya kibuluu. 2700K ni ya njano. Wingi wa mwanga haumo humo.

Futa kifuniko cha kioo. Vumbi na wadudu waliokufa wanakula mwanga, na LUKU haikupunguzii hata senti.

Kabla ya kurudi Kariakoo kununua nyingine, weka kwenye simu programu ya kupima luksi. Ilaze simu juu ya kitabu, uso wake juu, na usiikinge kwa kichwa chako. Ikisoma chini ya 300, shusha taa.