Malkia Sita na Shindano la Maumivu: Tunajifunza Nini Kwenye Onyesho la Six?



Leo tunaingia ukumbi wa maonyesho, lakini tunaingia na rozari mfukoni. Kuna onyesho la muziki linaitwa Six. Walilitunga vijana wawili, Toby Marlow na Lucy Moss, wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Lilianza mwaka 2017 kwenye tamasha la Edinburgh, likahamia London, likavuka bahari hadi Broadway kule New York, na mwaka 2022 likapata tuzo ya Tony kwa muziki wake. Nyimbo zake zimezunguka sana mitandaoni. Huenda umeshacheza mojawapo bila kujua inasema nini.

Habari yenyewe ni hii. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alioa wanawake sita. Wawili ndoa zao zilitangazwa batili, wawili aliwakata vichwa, mmoja alifariki baada ya kujifungua, na wa mwisho akabaki mjane. Kwenye Six wote sita wanarudi jukwaani kama kundi la muziki wa kisasa, kila mmoja na maikrofoni yake, na wanakubaliana jambo la ajabu: kiongozi wa kundi atakuwa yule aliyeteseka zaidi mikononi mwa mfalme. Basi kila mmoja anaimba kesi yake. Henry mwenyewe haonekani kabisa.

Utauliza, "Frateri, sisi vijana Wakatoliki yanatuhusu nini hayo?" Yanatuhusu mara mbili. Kwanza, ni kwa sababu ya ndoa hizi Uingereza ilijitenga na Papa mwaka 1534. Pili, lile shindano la nani kateseka zaidi, hata sisi tunalo. Tahadhari moja tu: onyesho lina mizaha ya kitandani, kwa hiyo usimwekee mdogo wako wa darasa la tatu. Sasa twende kwenye sehemu nne ambazo mimi naona zinabeba uzito.

1. Catherine wa Aragon anapiga magoti

Katikati ya wimbo wake, No Way, malkia wa kwanza anapiga magoti mbele ya mume asiyeonekana na kumtaka ataje kosa lake, hata moja. Kimya. Anasubiri. Bado kimya. Halafu anainuka, na wimbo unarudi kwa nguvu mara mbili.

Hili halikubuniwa na watunzi. Tarehe 21 Juni 1529, kwenye mahakama iliyokaa Blackfriars, London, mbele ya wajumbe wa Papa, Kardinali Wolsey na Kardinali Campeggio, Catherine alipiga magoti kweli mbele ya Henry. Alijitetea kama mke wa kweli, akakata rufaa Roma, akatoka. Aliitwa arudi, hakurudi.

Hapa tuelewane vizuri, maana wengi wanachanganya. Henry hakuomba talaka kama tunavyoijua leo. Alitaka itangazwe kwamba ndoa haikuwahi kuwepo, kwa kuwa Catherine alikuwa mjane wa kaka yake, Arthur. Lakini Papa Julius II alishatoa ruhusa kabla ya harusi ya 1509, na Catherine aliapa kwamba ndoa ya kwanza haikukamilishwa. Mpaka leo Kanisa halivunji ndoa halali iliyokamilishwa kati ya wabatizwa. Linachofanya ni kuchunguza kama tangu mwanzo ndoa ilikuwepo au la. Linatafuta ukweli wa siku ile ya kiapo, wala si njia ya kutokea baada ya kuchokana. Henry yeye alikuwa na jibu kwanza, akatafuta ushahidi baadaye.

Onyesho linamwonyesha Catherine kama mwanamke shupavu asiyekubali kudharauliwa. Ni kweli, lakini kuna kitu limekiacha nje. Alipendekezewa ajiunge na watawa ili mambo yaishe kwa amani, naye akakataa, kwa sababu aliamini sakramenti haifutwi kwa amri ya mfalme, na kwa sababu haki za binti yake Mary zilikuwa hatarini. Alikufa Kimbolton tarehe 7 Januari 1536, akiwa amenyang'anywa cheo na kutengwa na mwanae. Miaka miwili kabla, Papa Klementi VII alishatamka kwamba ndoa yake ilikuwa halali. Mtakatifu John Fisher, askofu aliyemtetea mahakamani, na Mtakatifu Thomas More walikatwa vichwa mwaka 1535 kwa kukataa kumkubali mfalme kama mkuu wa Kanisa. Dhamiri ina bei, ndugu yangu.

2. Picha ya Holbein

Mwaka 1539 Henry, akiwa mjane wa Jane Seymour, alimtuma mchoraji Hans Holbein kwenda Ujerumani kumchora binti mmoja, Anna wa Cleves. Picha ikapendeza, ndoa ikapangwa. Bibi harusi alipofika, mfalme akasema hakumpenda. Walifunga ndoa Januari 1540, na kufikia Julai ikatangazwa batili. Six wanaicheka kwa namna yetu ya leo: picha ya Holbein inakuwa kama picha ya profaili, na kosa la Anna ni kutofanana nayo.

Ukumbi unacheka, na wewe utacheka. Lakini jiulize: picha hiyo alitumiwa nani? Aliyekuwa akichaguliwa kama bidhaa hakuulizwa yeye anamwonaje mnunuzi. Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia malengo ya mwingine. Karol Wojtyła, ambaye baadaye tulimfahamu kama Mtakatifu Yohane Paulo II, alilichukua wazo hilo mwaka 1960 kwenye kitabu chake kuhusu upendo na wajibu, akasogea hatua moja mbele: kutomtumia mtu hakutoshi, maana mtu ni kiumbe ambaye jibu pekee linalomstahili ni upendo. Kwa hiyo kila unapopitisha kidole kwenye picha za watu, huyu ndiyo, huyu hapana, kumbuka nyuma ya picha kuna mtu mzima, si sura tu.

3. Wimbo unaochezeka, mpaka pale usipochezeka tena

Sasa tumefika penye maumivu. Katherine Howard, malkia wa tano, ndiye mdogo kuliko wote. Wenzake wanamdharau, wanaona hana kesi. Anaanza wimbo wake, All You Wanna Do, kwa mdundo mtamu kabisa wa kudansi, kama msichana anayejisifu jinsi wanaume wanavyomtaka. Beti ya kwanza ni mwalimu wake wa muziki. Ya pili, karani wa nyumba aliyolelewa. Ya tatu ni mfalme. Ya nne, kijana wa ikulu aliyejifanya rafiki tu. Kiitikio ni kilekile kila mara, lakini sauti inazidi kukatika, na mikono ya wachezaji inazidi kumshika. Mwisho hakuna anayecheka tena ukumbini.

Henry Manox alikuwa mwalimu wa muziki kweli, na Katherine alikuwa binti mdogo anayelelewa kwenye nyumba ya bibi yake wa kambo. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa, ila wanahistoria wengi wanaona alikuwa karibu na miaka ishirini tu, au hata hajaifikia, alipouawa tarehe 13 Februari 1542. Mambo aliyofanyiwa utotoni yalisomwa dhidi yake kama ushahidi wa uovu wake.

Ukisoma 2 Samweli 13 utamkuta Tamari. Alidhulumiwa na ndugu yake Amnoni, kisha ndugu mwingine akamwambia anyamaze, asilichukulie moyoni. Biblia haikunyamaza. Iliandika jina lake na kilio chake.

Kama wewe unayesoma hapa uliguswa ukiwa mtoto na mtu mzima, awe mwalimu, mjomba, jirani, au hata mtu wa Kanisa, sikia neno hili: dhambi ile si yako. Huna cha kuungamia kwa kosa alilokutendea mwingine. Mwambie mtu unayemwamini. Vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa watoto kuna namba ya bure 116, Tanzania na Kenya pia. Na kama ni rafiki yako anayekwambia, usimuulize alivaa nini. Msikilize.

4. Catherine Parr anasimamisha shindano

Baada ya hapo ungedhani wote watalia pamoja. Wapi! Wanarudi kubishana nani zaidi. Jane anaambiwa yeye alipendwa, kwa hiyo anyamaze, utadhani kufariki siku 12 baada ya kujifungua ni jambo dogo. Ndipo malkia wa sita anapouliza maana ya shindano lenyewe. Kwenye wimbo wake, I Don't Need Your Love, anajitambulisha upya: mimi ni mwandishi, mimi nilitetea elimu ya wanawake. Na ni kweli, mwaka 1545 Catherine Parr alichapa kitabu cha sala kwa jina lake mwenyewe. Alielekea upande wa wanamageuzi, hakuwa upande wetu, lakini haki yake tumpe.

Hapo malkia wote wanashtuka. Muda wote walipokuwa wakishindana, kipimo kilikuwa Henry. Aliyepigwa zaidi na Henry, aliyependwa zaidi na Henry. Mfalme hayupo jukwaani na bado anawatawala.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uondoke nayo. Tazama jumuiya zetu, tazama vikao vyetu vya vijana. Mmoja anasema kafiwa na baba, mwingine anarukia, "Hiyo si kitu, mimi nimefiwa na wote wawili." Mmoja anaandika mtandaoni ana msongo, kwenye komenti wanamjibu kwamba watoto wa siku hizi laini. Tunapimana misalaba kama tunapima mchele. Matokeo yake ni mawili: mwenye maumivu madogo ananyamaza kwa aibu, na mwenye makubwa anang'ang'ania kidonda chake kwa sababu ndicho kimekuwa jina lake.

Katika Yohane 21 Petro, akishaambiwa mateso yatakayompata, anageuka na kumwonyesha yule mwanafunzi mwingine: na huyu je? Bwana anamrudisha kwenye njia yake mwenyewe. Yale ya mwenzio yana mwenyewe, wewe nifuate. Msalaba haukutolewa tuushindanishe. Umetolewa tuubebe, na tukiweza tumsaidie mwenzetu kama Simoni wa Kirene.

Pale onyesho linapoishia

Je, jibu la Six linatosha? Nasema nusu. Kumwambia Henry "sihitaji upendo wako" ni sawa kabisa, kwa sababu kile hakikuwa upendo. Lakini ukitoka hapo ukasema "simhitaji mtu yeyote, najitosha," umetoka kwenye gereza moja ukajifungia kwenye lingine. Yohane Paulo II, kwenye waraka wake wa kwanza, Redemptor Hominis wa mwaka 1979, alifundisha kwamba bila kukutana na upendo mtu hajielewi hata yeye mwenyewe. Thamani yako hukupewa na mpenzi wako, wala hukujitengenezea mwenyewe. Uliipokea kwa Mungu kabla hujazaliwa.

Soma Yohane 4. Kuna mwanamke Msamaria aliyepitia wanaume watano, na aliye naye ni wa sita. Kijiji kizima kinamjua kwa hesabu hiyo. Yesu anaijua hesabu, anaitaja bila kumdanganya, lakini hamwachi hapo. Anazungumza naye juu ya maji ya uzima na juu ya kumwabudu Mungu, mambo mazito kabisa ya imani. Mwanamke anaacha mtungi na kwenda kuwaita watu. Akawa shahidi.

Kaka zangu, neno kwenu pia. Henry haonekani jukwaani, lakini wanawake sita wanaimba alichowafanyia. Siku moja wanawake waliopita kwenye maisha yako wakisimama kusimulia, watasema nini?

Maswali ya kutafakari, peke yako au kwenye kikundi

- Ni maumivu gani ambayo nimeyafanya kuwa jina langu?
- Lini mara ya mwisho nilimnyamazisha mtu kwa kumwambia mimi nimepitia makubwa zaidi?
- Kuna mtu ninayemtumia huku nikiuita upendo?
- Nyimbo ninazocheza kila siku, nimewahi kusikiliza maneno yake?

Tusali

Bwana Yesu, wewe unayenijua kwa jina, niponye na tabia ya kujilinganisha. Wape amani wote waliodhulumiwa wakanyamazishwa. Wape ujasiri wa kuongea, na sisi utupe masikio. Tufundishe kupenda bila kutumia, na kubeba msalaba bila kuupigia debe. Amina.

Juma jema, na tuombeane.