Kumbukumbu za Wazee na Shughuli za Kikundi: Mfano wa Songea

Mnamo mwaka 1968, wanafunzi wa historia kutoka chuo kikuu mjini Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mojawapo ya sehemu hizo ilikuwa Ungoni, nchi inayouzunguka mji wa Songea. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka 75 wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 12 vita vilipoanza. Habari alizozitoa zilikuwa zimekaa kichwani mwake kwa miaka 63. Inakuwaje basi mzee aeleze mambo ya utotoni kinaganaga, ilhali hakumbuki alikoiweka fimbo yake asubuhi?

Habari mpya hupitia kwanza sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, iitwayo hipokampasi. Sehemu hiyo ndiyo huathirika mapema katika ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mjini Tübingen mwezi Novemba 1906; ni miezi michache tu baada ya utawala wa Kijerumani kuwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, tarehe 27 Februari mwaka huohuo. Habari za zamani huwa zimekwisha kusambaa katika gamba la ubongo. Zile zilizosimuliwa mara nyingi mbele ya watu hushika mizizi zaidi, kwa kuwa kila masimulizi huziamsha na kuziimarisha njia za neva zinazozihifadhi. Kwa hiyo kumbukumbu ya mzee si mali yake peke yake. Wasikilizaji wake wameshiriki kuitunza.

Yafaa kutofautisha uzee na ugonjwa. Mtu akisahau jina na kulikumbuka baadaye, huo ni uzee. Lakini akipotea njia ya kurudi kwake, akauliza swali lilelile mara kumi, au akashindwa kupika chakula alichokipika maisha yake yote, hizo ni dalili za maradhi ambayo kwa jumla huitwa demensia. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, ulionyesha kwamba watu wapatao 6 katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na hali hiyo. Bibi anayetangatanga usiku akizungumza peke yake anahitaji kupelekwa zahanati. Kumtuhumu uchawi ni ujinga unaoua, na katika nchi hii umekwisha kuua.

Mwaka 1988, Robert Katzman na wenzake nchini Marekani walitoa taarifa ya jambo la kustaajabisha. Walipochunguza bongo za wazee waliofariki, walikuta baadhi zina alama za ugonjwa wa Alzheimer, ingawa wenyewe walikuwa na akili timamu hadi mwisho. Wataalamu hueleza hali hii kwa dhana ya akiba ya ubongo. Nyumba yenye ghala lililojaa mahindi huvuka mwaka wa ukame, na jirani mwenye debe mbili akaona njaa, ingawa jua lililowapiga ni moja. Akiba hiyo hujengwa kwa elimu, kwa kazi inayohitaji kufikiri, na kwa maisha ya kushirikiana na watu.

Tutazame sasa shughuli zenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huzifuata kete kwa akili, mzunguko baada ya mzunguko, kabla mkono haujagusa shimo. Watazamaji nao hawakai bure; hubishana, hutania, na kukumbushana mchezo wa juzi.

Ngoma hudai zaidi. Katika lizombe ya Wangoni, au katika mganda unaochezwa kwa mistari kama gwaride, mchezaji husikiliza mdundo, hukumbuka maneno, humtazama mwenziwe na kuongoza miguu yake, yote kwa wakati mmoja. Moyo nao huenda mbio. Ubongo ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha wazee 120, waliotembea kwa mpango kwa muda wa mwaka mmoja waliongezeka ukubwa wa hipokampasi kwa asilimia 2 hivi. Wale waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu walipungukiwa. Wamatengo wa Mbinga, magharibi ya Songea, wana desturi ya sengu, ambapo watu wa ukoo hula pamoja na kuzungumza mambo yao. Hapo mzee hutakiwa kukumbuka nasaba na mipaka ya mashamba.

Je, ngoma huukinga ubongo, au wenye ubongo mzima ndio wanaocheza ngoma? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mjini New York, wazee 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi. Taarifa ya mwaka 2003 ilisema kwamba waliocheza dansi, michezo ya ubaoni au ala za muziki, na waliosoma, walipatwa na demensia kwa uchache zaidi. Hata hivyo, ugonjwa huu huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya kutambulikana, na huenda ndio uliomfanya mtu aache kucheza. Uhusiano wa mambo mawili hautoshi kuthibitisha kwamba moja limesababisha lingine.

Huko Hai walipiga hatua mbele. Wagonjwa 34 wa demensia walikusanywa katika vikundi, kila kikundi kikakutana mara 14 kwa majuma saba. Utaratibu wenyewe ulitoka Uingereza, lakini ulirekebishwa ili asiyejua kusoma naye ashiriki. Baadhi walianza mapema na wengine wakangoja, ili walinganishwe. Fahamu zao ziliongezeka kwa kiasi na wasiwasi ukapungua. Hawakupona, hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huu hadi leo.

Kikundi pia kina adui zake. Asiyesikia vizuri hujitenga barazani kwa aibu, na uziwi umo pamoja na shinikizo la damu, kisukari na upweke katika mambo 14 yaliyotajwa na jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 kuwa yanaongeza hatari ya demensia. Unywaji wa pombe kupita kiasi umo pia. Ngoma inayoishia kilabuni kila mara hubomoa kwa mkono wa kushoto ilichojenga kwa mkono wa kulia.

Walimu wa biolojia na wa historia wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi la pamoja. Wazee kumi walioridhia waulizwe habari za jambo moja la zamani, kila mmoja peke yake. Majuma mawili baadaye waulizwe tena wakiwa katika kundi la rika lao. Zihesabiwe habari sahihi anazotoa kila mzee: majina, mahali na miaka. Kwa kuwa swali la kwanza humkumbusha mzee na kumsaidia katika la pili, watano waanze peke yao na watano waanze katika kundi.