Kuhama Kakamega hadi Nairobi Bila Kumaliza Akiba

Unahama Kakamega kwenda Nairobi? Ni zaidi ya kilomita 350, na ukikodi lori peke yako unalipia pia safari yake ya kurudi tupu. Tunakushauri utafute lori lililoleta bidhaa Kakamega na sasa linarudi Nairobi bila mzigo. Hapo bei hujadilika. Kitanda chakavu kiuze, usikilipie nauli.

Pesa nayo usitume yote mapema. Andikeni orodha ya vitu na dereva, tuma ya mafuta kwanza, salio lipa vitu vikishashushwa na kuhesabiwa. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina: kama si la mliyekubaliana naye, simama hapo. Ujumbe wa malipo usiufute, ndio risiti yako.